Maswali na majibu: Kurekodi miamala ya meinfremu bila kuharibu hesabu

Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji wa Tabora na Kigoma wanaojaribu programu za benki na bima ambazo meinfremu zake (kompyuta kubwa zinazochakata miamala) ziko mbali, nyingine nje ya nchi. Meinfremu ya majaribio hupatikana kwa zamu ya saa chache tu. Kwa hiyo hurekodi miamala yake na kutengeneza huduma pepe, yaani programu inayopokea ombi na kujibu kama meinfremu ingejibu.

Nimerekodi miamala ya CICS, programu inayoendesha miamala kwenye meinfremu. Akaunti ya majaribio ina salio la 12,500.00, lakini huduma pepe inajibu 12,260.00. Logi haina kosa hata moja. Hizo 240 zimekwenda wapi? (Isevya, Tabora)

Zimepotea kwenye kubadili herufi. Meinfremu huandika herufi kwa mfumo wa namba uitwao EBCDIC, na kinasa chako (programu ya kurekodi) kimegeuza ujumbe mzima kuwa ASCII, mfumo wa kompyuta za kawaida, pamoja na baiti ambazo si herufi kabisa.

Bila shaka salio liko kwenye uga (sehemu ya rekodi) wa aina ya COMP-3 ya lugha ya COBOL, tuseme PIC S9(9)V99, yaani namba yenye alama, tarakimu 9 na desimali 2. Humo tarakimu hufungashwa mbilimbili katika kila baiti, na nusu baiti ya mwisho hubeba alama: C ni chanya, D ni hasi. 12,500.00 inachukua baiti 6, hapa kwa heksadesimali (namba za msingi wa 16):

00 00 12 50 00 0C

Baiti 50 kwa EBCDIC ni herufi &. Kwa ASCII, & ni 26. Kinasa kimeiona &, kikaandika 26. Baiti 00, 12 na 0C hazibadiliki katika ugeuzaji huo, kwa hiyo umebaki na 00 00 12 26 00 0C, yaani 12,260.00. Namba si ya kweli lakini ni halali, ndiyo maana logi iko kimya. Kosa la aina hii ni baya kuliko linaloangusha programu, kwa sababu majaribio yatapita na watu watayaamini.

Rekodi upya baiti ghafi, bila kugeuza chochote. Kisha tumia kopibuku ya COBOL, faili linaloeleza mpangilio wa uga za rekodi, kuonyesha uga upi ni PIC X (herufi) wa kugeuzwa, na upi ni COMP (namba ya jozi) au COMP-3 wa kuachwa ulivyo. Kabla ya kuendelea, fungua rekodi kwa heksadesimali: nafasi wazi ziwe 40, tarakimu za kawaida F0 hadi F9. Ukikuta 20 na 30 hadi 39 mahali pake, imeshageuzwa, itupe. Uliza pia meinfremu inatumia jedwali lipi la herufi za EBCDIC. 037, 500 na 1047 zinalingana kwa herufi na tarakimu, ila mabano ya mraba yanatofautiana.

Sina kopibuku. Nikwame? (Ujiji)

Hapana. Ombi lilelile utalirudishia jibu lilelile, baiti kwa baiti. Ila hutaweza kuweka akaunti nyingine wala kubadili kiasi. Ukiipata kopibuku, hakikisha ni ya toleo la programu lililokuwa likiendeshwa siku ya kurekodi: uga mmoja ukiongezwa baiti 2 katikati, zote zinazofuata zinasogea.

Tunatumia MQ, programu ya kupitisha ujumbe kwa foleni. Huduma pepe inatuma jibu, lakini programu inangoja hadi muda unakwisha. (Kasulu)

Jibu limefika kwenye foleni, ila halina wa kulichukua. Kwa utaratibu wa kawaida, mwombaji husubiri jibu lenye kitambulisho cha uhusiano, baiti 24, kilicho sawa na kitambulisho cha ombi lake. Wewe unarudisha kile cha siku ya kurekodi. Kinakili kutoka kwenye kila ombi jipya, na jibu lipeleke kwenye foleni iliyotajwa na ombi lenyewe. Saa, tarehe na namba za kumbukumbu nazo ziondoe kwenye ulinganishaji, la sivyo hakuna ombi litakalofanana na lililorekodiwa.

Nikiweka fedha kisha nikauliza salio, napata lile la mwanzo. (Urambo)

Rekodi mfululizo mzima: salio, kuweka, salio. Kisha huduma pepe itunze hali ya kila akaunti. Rekodi na kushindwa pia: akaunti isiyopo, na muamala uliokatika kwa ASRA, msimbo wa CICS wa programu iliyoanguka. Hifadhi muda wa kila jibu. Huduma pepe ikijibu papo hapo hutajua kama programu yako inavumilia kusubiri.

Naweza kurekodi miamala halisi ya wateja? (Kigoma Mjini)

Usiguse bila idhini ya maandishi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na nchi iliko meinfremu inaweza kuwa na yake. Anza na akaunti za majaribio. Ukiruhusiwa, ficha majina na namba kabla rekodi haijaandikwa kwenye diski. Namba moja ifichwe kwa namba ileile kila inapotokea, na tarakimu ya mwisho ya namba ya kadi, inayohakiki nyingine, ikokotolewe upya. Urefu usibadilike: jina la herufi 12 kwenye uga wa 30 lijazwe 40 kwa baiti 18 zilizobaki, kamwe si 00.