Kwa wadogo zangu wa usaili: miaka ya Ashley Jensen kabla ya kujulikana

Mwaka 2005, kwenye tuzo za vichekesho za Uingereza, Ashley Jensen alishinda mara mbili: mwigizaji bora wa kike wa vichekesho vya televisheni, na msanii bora chipukizi. Alikuwa na umri wa miaka 36. Na huyo chipukizi alikuwa anaonekana kwenye televisheni ya nchi hiyo hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Naigiza, na siku hizi nafundisha vijana uigizaji hapa Dar es Salaam. Karibu kila kundi jipya linalonijia nalisimulia habari za mama huyu wa Kiskoti, kwa sababu vijana wengi wameshajipangia kwamba wasipojulikana ndani ya tamthilia mbili, basi sanaa imewakataa. Wengine wanaacha wakiwa na miaka ishirini na mitatu. Inaniuma sana, maana baadhi yao ni wazuri kuliko waliobaki.

Jensen alizaliwa 1969 na kukulia Annan, mji mdogo wa kusini mwa Uskoti, jirani na mpaka wa England, akilelewa na mama peke yake. Akasomea maigizo chuoni Edinburgh. Baada ya hapo ni kazi za hapa na pale: katibu wa ofisi ya mawakili kwenye kichekesho cha BBC, askari polisi kwenye tamthilia nyingine, mwaka 2000 akapita kidogo EastEnders, tamthilia ndefu ya BBC. Hizo ni kazi ambazo mtazamaji anakuona, anakufurahia, na jina lako halijui.

Sasa, miaka ya namna hiyo unaiishije? Hapa ndipo nataka mnisikilize.

Nafasi ndogo iandalie kama kubwa. Niliwahi kupewa nesi mwenye sentensi moja tu: “Ndugu wa mgonjwa ni nani?” Nikaenda kukaa kwenye benchi la hospitali, nikawatazama manesi wanavyofanya. Wengi walikuwa wanauliza huku macho yako kwenye faili, wananyanyua uso baada ya kujibiwa. Ndivyo nilivyocheza. Muongozaji yule aliponitafuta baadaye kwa kazi nyingine, alinitaja kama “yule nesi wa faili.” Ukiwa seti pia, jifunze kwa mpiga picha fremu inakukatia wapi, kumbuka kikombe ulikishika mkono gani ili sini ikirudiwa usiwaharibie wahariri, na usikae kwenye simu wakati wenzako wanarekodi. Watu wa kamera na wa sauti huulizwa maoni yao kuliko mnavyodhani.

Kingine ni kusikiliza. Tazameni Extras, kazi iliyomletea Jensen zile tuzo. Ni kichekesho cha BBC cha Ricky Gervais na Stephen Merchant kuhusu waigizaji wa ziada, wale wanaopita nyuma ya mastaa bila kusema neno. Jensen ni Maggie, rafiki wa mhusika mkuu, mwanamke mwenye moyo mweupe anayeropoka jambo kisha anagundua amejiaibisha. Mkazieni macho baada ya sentensi, maana utamu wa kicheko unakuja pale aibu inapompanda usoni polepole huku mwenzake akiendelea kuongea. Mwigizaji anayesubiri tu zamu yake ya kuongea hawezi kufanya hivyo. Kwenye kipindi cha mwisho, cha Krismasi 2007, Maggie ameachana na kazi za ziada na anafanya usafi ili apate kodi ya chumba. Humo Jensen hachekeshi sana, anavunja moyo, na kwa kazi hiyo aliteuliwa kuwania tuzo ya Emmy ya Marekani mwaka 2008.

Kuhusu lafudhi nina hisia kali. Mimi ni mtu wa Kigoma, na nimeshaambiwa kwenye usaili niongee “kama mtu wa mjini.” Kuongea kama mtu wa mjini naweza, ni ujuzi, na ninyi jifunzeni lafudhi nyingi kadiri mnavyoweza. Lakini ya kwenu msiitupe. Jensen alipokwenda Marekani kwenye Ugly Betty, tamthilia iliyoanza 2006 ikisimulia maisha ya ofisi ya jarida la mitindo New York, alicheza Christina, fundi cherehani Mskoti anayeongea Kiskoti chake. Lafudhi ya Annan ilifika sebuleni kwa mamilioni ya Wamarekani. Ya Kigoma, ya Makunduchi au ya Songea ina ubaya gani?

Marekani nako si kwamba mambo yalinyooka moja kwa moja. Kichekesho alichokwenda baada ya hapo kilidumu msimu mmoja tu, kikafutwa 2010. Akarudi Uingereza, na kuanzia 2014 akawa Agatha Raisin, mwanamke wa London anayehamia kijijini na kujikuta anapeleleza mauaji. Ndiye mhusika mkuu sasa. Baadaye kwenye After Life, tamthilia ya 2019, akacheza nesi wa nyumba ya wazee, mhusika mtulivu asiye na mbwembwe, na kila anapoingia unapumua.

Mnaniuliza mtakula nini miaka yote hiyo. Tafuteni kazi nyingine isiyowanyima muda wa usaili, na msione haya nayo. Kuingiza sauti kwenye matangazo kumenilipia kodi ya nyumba mara nyingi kuliko tamthilia. Na kabla hujaingia seti, malipo yako yawe yameandikwa: kiasi, siku ya kulipwa, na kama utalipwa tena kazi ikirushwa kwingine. Niliwahi kuzungushwa na mtayarishaji mmoja kwa sababu tuliongea kwa mdomo tu, na sitaki yawakute.

Nimalizie na dada zangu, na wanaotuandikia. Kwetu mwigizaji wa kike akigusa thelathini na tano anaanza kupewa mama wa bwana harusi, amesimama jikoni, ana sini tatu. Mwaka 2023 BBC ilihitaji mhusika mkuu mpya wa Shetland, tamthilia ya upelelezi ya visiwa vya kaskazini kabisa mwa Uskoti, baada ya mwigizaji mkuu wake, Douglas Henshall, kuondoka. Wakampa Jensen nafasi ya inspekta Ruth Calder, mpelelezi anayerudi kisiwani alikokulia. Alikuwa na miaka 54. Waandishi, wanawake wa umri huo wenye uwezo wa kubeba tamthilia nzima ninawafahamu hapa mjini, na wengine wapo kwenye mazoezi yangu kila Jumamosi. Njooni muwaone kabla hamjaandika mpelelezi mwingine.