Fundi Anajibu: Swichi Inayolalamika Bure

SWALI: Fundi, mashine ya CNC (ya kukatia inayoongozwa na kompyuta) niliyojiundia husimama kila nikiwasha mota ya kukatia, programu ikidai swichi ya kikomo, ile ya mwisho wa reli, imeguswa. Haijaguswa! Halafu, ninunue stepa (mota zinazozunguka kwa hatua ndogo) za saizi ya NEMA 17 au 23?

JIBU: Swichi usizibadilishe, ndugu yangu. Waya zake zinanasa kelele za umeme za mota; nabashiri umezifunga fungu moja na waya za mota, tena umeunga pini ya NO (iliyo wazi hadi swichi iguswe). Hamia NC (iliyofungwa hadi swichi iguswe), mkondo upite muda wote na ukatike swichi inapoguswa. Waya ukikatika, mashine husimama badala ya kugonga mwisho wa reli. Ukitumia GRBL, programu inayoendesha mashine, andika $5=1 ili igeuze maana ya ishara ya swichi, la sivyo italia daima. Tumia kebo yenye wavu wa chuma wa kukinga kelele, wavu uungwe ethi (ardhini) upande mmoja tu. Kapasita ya 0.1 µF kati ya pini inayopokea ishara ya swichi na graundi humaliza ubishi uliobaki.

Kuhusu mota, namba hiyo ni ukubwa wa uso, si nguvu: 23 ni kama mm 57. Fremu ikiwa nzito, chukua 23. Nguvu inayotangazwa ni ya mota iliyosimama. Kasi ikipanda, hushuka. Mimi hutazama indaktansi kwanza (jinsi koili za mota zinavyochelewesha mkondo), iwe ndogo, na draiva, kifaa kinachoilisha mota umeme, inayohimili volti 36.