Kabla hujamlipa dalali wa chuo

Mama, umesema binti kamaliza kidato cha nne hapo Newala, anataka utabibu, na kuna kijana anakuharakisha ulipie nafasi chuo cha Dar es Salaam. Usitume hata senti kwanza. Fungueni pamoja mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, upo mtandaoni, mtafute chuo hicho na kozi yenyewe. Chuo kuwa na usajili hakumaanishi kila kozi inayotangazwa ina kibali. Stashahada ya utabibu inadai ufaulu wa angalau D katika masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Kama Fizikia ana F, dalali aape apendavyo, hapo hakuna nafasi.

Ada uliyotajiwa sidhani kama ndiyo yote. Ulizia sare, bima, mitihani, hosteli na gharama za mafunzo hospitalini. Ulizia pia kama ada hulipwa kwa awamu, maana pesa ya korosho huanza kuonekana Oktoba minada ikifunguliwa, na chuo hakisubiri mnada. Mimi ningeanza kuomba chuo cha serikali Mtwara mjini. Dar baadaye.