Mwaka wa Kwanza Chuoni Mwanza: Majibu ya Barua Zenu

Tangu vyuo vilipofunguliwa, sehemu kubwa ya barua ninazopokea inatoka kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliopanga vyumba Malimbe, Nyegezi na jirani na Bugando, na chache kutoka kwa wazazi wao. Nimechagua zile zinazowagusa wengi. Niseme mapema kwamba sina imani na ratiba ndefu zinazobandikwa ukutani wiki ya kwanza na kusahauliwa wiki ya tatu, kwa hiyo nitashauri yale tu ambayo mtu anaweza kuyafanya hata siku aliyochoka.

Shikamoo mama. Bumu la mkopo wa chuo likiingia nakula vizuri kwa wiki mbili, kisha ninabaki na chai na andazi, au chipsi za kukopa, mpaka fedha nyingine zije. Nifanyeje? (Mwanafunzi wa kiume, Malimbe)

Marahaba, mwanangu. Fedha zikiingia, lipa kwanza kodi, kisha siku hiyohiyo nenda sokoni ununue vitu vikavu: unga, mchele, maharage, dagaa, karanga na mafuta. Kinachobaki kigawe kwa idadi ya wiki zilizo mbele yako, na fungu la wiki ijayo usiliguse hata rafiki akiwa na sherehe. Ugali kwa dagaa na mchicha, au maharage na matembele, ni chakula kamili ambacho wenye fedha zaidi yako hawakizidi kwa ubora, kwani dagaa huliwa pamoja na mifupa yao na hivyo hukupa madini ya kujenga mifupa, na maharage yakiliwa na ugali huleta protini inayokaribia ile ya nyama. Kama umetoka Usukumani, usione aibu kubeba michembe au matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kutoka nyumbani. Ukiamka umechelewa, vipande vichache na karanga vinakufikisha saa saba mchana bila kuzimia darasani.

Jambo lililowasaidia wengi niliowafahamu ni kupika kwa zamu. Majirani watatu wakichangia mtungi mmoja wa gesi, kila mmoja hupika siku mbili kwa wiki, Jumapili mkaenda kwa mama ntilie. Gharama hupungua, na hakuna anayekula peke yake akitazama simu.

Tahadhari moja tu, na najua wapenzi wa kiporo watanilaumu: wali uliolala sufuriani usiku kucha katika chumba chenye joto unaweza kukutapisha hata ukiupasha, kwa sababu kuna bakteria ambao sumu yao haiharibiwi na moto. Kama huna jokofu, pika wali wa kutosha mlo mmoja.

Nimekulia Dodoma. Wenzangu hushuka ziwani kuogelea kila Jumamosi mchana, na wanasema kichocho ni ugonjwa wa watoto wa shule ya msingi. Je, niwafuate? (Mwanafunzi wa kike, Nyegezi)

Usiwafuate, binti yangu. Watoto huugua zaidi kwa sababu huchezea maji zaidi, lakini kimelea hakiulizi umri. Mayai yake hutoka katika kinyesi cha mtu mwenye ugonjwa, huanguliwa majini, na vijidudu vinavyotoka humo huingia ndani ya konokono wadogo wanaoishi kwenye majani ya ufukweni. Baadaye hutoka kwa konokono vikiwa vimebadilika na kuogelea vikitafuta ngozi ya mtu, ambayo hupenya kwa dakika chache tu. Hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kwa hiyo hiyo Jumamosi mchana ndiyo saa mbaya kuliko zote. Kujifuta haraka kwa taulo si kinga ya kutegemewa.

Wenzako waliokulia pwani ya ziwa huenda wanaishi na ugonjwa huo bila kuhisi lolote, ingawa kwa miaka mingi unaweza kuharibu ini. Wanakumbuka vidonge walivyogawiwa shuleni kwa kupimwa urefu kwenye fimbo, wakadhani vile vilimaliza kazi kwa maisha yote, ilhali dawa ile huua minyoo iliyopo na haizuii mingine kuingia. Wewe mgeni una hatari ya ziada: mtu anayekutana na kichocho kwa mara ya kwanza anaweza kupata homa, kikohozi na kuharisha wiki kadhaa baadaye, akaanza kutibiwa malaria ambayo hana.

Ikiwa tayari umeshaingia majini, usikimbilie duka la dawa kesho yake, kwa sababu dawa ya kichocho huua minyoo iliyokomaa na kuiacha michanga. Subiri angalau wiki sita, kisha nenda kituo cha afya, eleza siku uliyoogelea na uombe kupimwa. Ziwa lina raha nyingine zisizohitaji kulowa. Kaa juu ya mawe jioni, tazama jua likizama nyuma ya visiwa, kula sato na wenzako. Mimi nimefanya hivyo kwa miaka mingi na sijachoka.

Je, ni kweli kwamba anayekesha kusoma hufaulu zaidi? Hosteli yetu taa hazizimwi. (Mwanafunzi wa uuguzi)

Si kweli. Mtu mzima anahitaji saa saba za usingizi au zaidi, na ni wakati wa usingizi ubongo unapoyapanga na kuyahifadhi yale uliyosoma mchana. Anayekesha siku tatu kabla ya mtihani anamimina maji kwenye ndoo iliyotoboka. Vinywaji vya kuongeza nguvu havikupi nguvu yoyote ya kudumu. Kafeini iliyomo huchukua takriban saa tano kupungua nusu mwilini, kwa hiyo kopo la saa mbili usiku bado liko nawe saa saba usiku.

Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye malaria nyingi nchini, na mbu wanaoieneza huuma usiku. Anayekaa barazani na daftari mpaka saa nane huwa nje ya chandarua muda wote huo. Kama ni lazima kusoma usiku, soma ukiwa ndani ya chandarua, na bora zaidi lala mapema uamke saa kumi na moja.

Maji ya bomba tunachemsha kwa muda gani?

Yakishatokota kwa nguvu, dakika moja inatosha kwa mwinuko wa Mwanza. Baada ya hapo yafunike, na usichote kwa kikombe ulichokinywea.

Natoka Ukerewe. Kila Ijumaa natamani kupanda meli kurudi Nansio, na nikibaki nalia. Je, mimi ni mgonjwa?

Pole, mwanangu. Huna ugonjwa, unakumbuka nyumbani, na hata wavulana wanaojifanya mashujaa hapo hosteli wanakumbuka kwao. Hata hivyo, ukirudi kila wiki hutapata nafasi ya kuzoea, kwa maana Jumamosi na Jumapili ndizo siku watu wanapofahamiana. Jipangie kwenda nyumbani mara moja kwa mwezi, na katikati yake ujiunge na kitu kimoja chenye siku maalumu, iwe kwaya, mpira wa pete au kikundi cha kusoma. Kama huzuni itazidi wiki mbili, ukashindwa kula, kulala au kwenda darasani, usisubiri: mwone mshauri wa wanafunzi au mhudumu wa afya wa chuo.

Binti yetu hapokei simu mchana, na akipokea jioni anajibu kwa mkato. Je, nifunge safari? (Mzazi, Magu)

Subiri kidogo, mzee wangu. Mchana yuko darasani, na jioni ana foleni ya maji na zamu ya kupika. Kubalianeni saa moja ya Jumapili jioni ambayo ni yenu, na siku nyingine umwachie nafasi. Simu hiyo ianze kwa kumuuliza amekula nini na amekula na nani. Habari za matokeo zitafuata zenyewe. Na ukisikia kuna jirani anayekuja mjini, mpe kifurushi cha michembe na karanga amfikishie.