Barua kwa mwanangu anayetaka kufanya GMAT akiwa na miaka 33

Mwanangu,

Marahaba. Meseji yako ya juzi usiku nimeisoma mara tatu, ile uliyoandika "Mama nina miaka 33, kazini mwaka wa tisa huu, hesabu za kukaa chini na kalamu niliziacha chuo mwaka wa kwanza, hivi nikianza kusomea GMAT saa hizi si ntajiaibisha tu?" Sikutaka kukujibu haraka haraka kwa wasap ndo mana nikakaa kimya, na we ukadhani nimechukia. Sijachukia mama, nilikuwa nafanya maswali.

Kile kitabu cha GMAT, huo mtihani wa kuombea vyuo vya biashara, ulichokisahau hapa Tanga wakati wa Krismasi ninacho mezani. Nilikifungua kwa udadisi tu wa mwalimu mstaafu, nikajikuta nashinda nacho mpaka maharage yakaungua. Kwa hiyo ninachokwambia hapa nimekishika kwa mkono wangu.

Kwanza hofu ya hesabu itoe. Nimepekua kurasa zote, hakuna kalkulasi, hakuna trigonometria, na tangu walipoubadilisha huo mtihani mwishoni mwa 2023 hata jometri wameitoa kwenye sehemu ya hesabu. Kilichobaki ni asilimia, uwiano, wastani, namba tasa, vipeo, milinganyo, mwendo na muda, KDS na KKS zile nilizokufundisha kwa vifuniko vya soda. Mambo ya kidato cha pili mengi yake. Ugumu ni kwamba kikokotoo hakiruhusiwi hapo, na maswali ni 21 kwa dakika 45, yaani dakika mbili na sekunde chache kila swali, na we miaka tisa Excel ndo imekuwa inakujumlishia, mkono umepoa. Mkono unarudi. Anza leo, kila invoisi inayopita mezani kwako piga 18% ya VAT kichwani kabla hujagusa mashine, ukiwa kwenye mwendokasi umesimama toka Kimara gawanya namba za mabasi kwa 7, kwa 8, kwa 13, mwezi mmoja tu utaona.

Kuna aina moja ya swali ambayo nimeipenda mno, na najua itakutesa. Wanakupa swali na taarifa mbili, halafu hawakuulizi jibu, wanakuuliza kama taarifa zinatosha kupata jibu. Nikutungie moja. Mtu kanunua maembe na machungwa, jumla matunda 12, maembe ni mangapi? Taarifa ya kwanza, alilipa shilingi 4,800 kwa yote. Taarifa ya pili, embe ni 500 na chungwa ni 300. Ya kwanza peke yake haitoshi, hujui bei. Ya pili peke yake haitoshi, hujui alilipa ngapi. Ukiziweka pamoja zinatosha, basi, chagua jibu uondoke! Nakujua we utakaa hapo utafute mpaka upate maembe 6, halafu uhakiki tena, na dakika zako zimeshaenda. Hakuna aliyekuuliza maembe mangapi.

Na hapo ndo nataka nikwambie kitu ambacho sijawahi kukwambia. Mwaka 1996 nilikuwa na miaka 31, mwalimu wa shule ya msingi, we una miaka minne kama mwanao sasa hivi, nikaenda kufanya mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nilisoma mwaka mzima na kibatari, we umelala kwenye mkeka chini ya meza umenishika mguu. Hesabu nilikuwa nazijua kweli kweli. Nikaingia kwenye karatasi ya masaa matatu, swali la pili likawa la vekta, nikalikosea mahali, nikalirudia, nikalirudia, kichwani nasema hili nalijua siwezi kuliacha, kuja kutazama saa dakika hamsini zimekwisha kwenye swali moja. Nilipata F. Watu wakasema umri umempita, kazi na mtoto vimemchosha, na mimi nikaamini karibu miezi miwili. Baadaye ndo nikakaa na karatasi yenyewe nikaona umri haukuhusika kabisa, nilishindwa kuliachia swali. Mwaka uliofuata nikarudia, nikaingia na saa ya mkononi ya baba yako, swali likinigomea naliruka, nikapita.

Sasa we umeurithi ung'ang'anizi huo huo, na kazini umekusaidia sana, kontena likikwama bandarini hulali mpaka litoke na ndo mana bosi anakuamini. Ila kwenye GMAT utakuua. Ule mtihani uko kwenye kompyuta inayokupima unavyoenda, ukipatia inakuletea gumu zaidi, kwa hiyo ukiona maswali yanazidi kuwa magumu usikate tamaa, huenda ndo unafanya vizuri. Na usipomaliza, maswali uliyoyaacha bila jibu yanakushusha kuliko ukiyakosea. Kwa hiyo jifunze hii kwa makusudi kama unavyojifunza milinganyo: dakika mbili na nusu zikifika na huoni njia, bahatisha, weka alama, nenda mbele. Ukifika mwisho na muda umebaki wanakuruhusu kurudi kubadilisha majibu matatu katika kila sehemu. Matatu tu. Yanatosha.

Sehemu zote ni tatu, dakika 45 kila moja, na unachagua mwenyewe uanze na ipi. Ya lugha ina maswali 23, ni kusoma na kupima hoja, yale maswali ya kusahihisha sarufi ya Kiingereza hayapo tena na insha nayo imeondoka. Hoja zake ni kama kusikiliza kesi kwenye baraza la kata, mlalamikaji kasema hivi, we tafuta alichokichukulia kuwa kweli bila kukisema. Ya takwimu ina maswali 20, hata hayo ya matunda yako huko, na hapo ndo kazi yako inakulipa mwanangu, maana wanakupa baruapepe mbili na jedwali wanakuuliza kipi kinapingana na kipi, si ndo unachofanya kila siku Kurasini na manifesti mkononi na wakala wa meli kaandika kingine? Huko kikokotoo kipo kwenye skrini. Na sehemu zote tatu zina uzito sawa, kwa hiyo usijifungie kwenye hesabu peke yake kwa sababu tu ndo unayoiogopa.

Yule mwenzako wa ofisini anayekwambia lazima upate 700, yeye alifanya ule wa zamani. Wa sasa alama zinaanzia 205 mpaka 805 na zote zinaishia na 5, na 645 ya sasa iko karibu na 700 yake ile. Usijipime kwa fimbo ya mtu mwingine.

Kabla hujafungua kitabu chochote fanya kwanza jaribio moja la bure, wenye mtihani wanatoa mawili, la pili litunze mpaka ukaribie. Litaumiza, ndo kazi yake. Halafu nunua daftari kubwa la makosa, kila ulichokosea andika kwa nini, kwa sentensi nzima, "nilikosea" haitoshi. Lisaa limoja alfajiri kabla mtoto hajaamka, saa kumi na moja mpaka kumi na mbili, na Jumamosi masaa matatu. Usiku usijidanganye, ukitoka kazini umechoka utasoma ukurasa mmoja mara nne. Mi naona miezi minne. Ikienda vibaya unaweza kurudia baada ya siku 16, na matokeo yanakaa miaka mitano, kwa hiyo hata kile chuo cha biashara cha Fontainebleau, Ufaransa, wakikwambia subiri mwakani mtihani wako haujapotea.

Wanaruhusu kuufanyia nyumbani lakini umeme wa kwetu unaujua, nenda kwenye kituo chao. Pasipoti yako angalia haijaisha muda, na jina utakalojiandikishia lifanane nalo herufi kwa herufi, ile H ya jina la babu inayopotea potea kwenye vyeti vyako ihakiki mapema.

Mwezi wa mwisho mlete mjukuu wangu. Nimeshaongea na mwalimu wa chekechea ya hapa jirani, nafasi ipo, na chandarua chake nimefua jana. Kitabu chako ntampa kondakta wa basi la Jumamosi asubuhi, ukienda kukipokea usishtuke, maswali yote niliyofanya nimeandika kwa penseli, futa ufanye mwenyewe. Lile la ukurasa wa mwisho limenishinda, ukilipata nipigie.

Mama yako