Barua kwa mwanangu: lainibeka wa miaka 34, asajiliwe au aachwe?

Mwanangu Salome,

Salamu nyingi. Umeniuliza kama timu yako ya futiboli ya Kimarekani imsajili yule lainibeka mkongwe (mlinzi anayesimama nyuma ya safu ya mbele), miaka 34, aliyeachwa na klabu yake mwezi Machi. Mwenzako anasema jamaa amekwisha, wewe unaona bado yumo. Jibu langu: asajiliwe, mwaka mmoja tu, na aanze kila mechi. Kama nia ni kumweka benchi, wasimchukue kabisa.

Hilo la benchi najua litakushangaza. Kikosi cha NFL, ligi kuu ya mchezo huu, kina wachezaji 53, lakini siku ya mechi wanaovaa jezi hawazidi 48. Lainibeka wa akiba huipata nafasi hiyo kwa sababu anacheza timu maalumu, zile zinazoingia mpira unapopigwa teke. Anatimua mbio uwanja mrefu, anagongana na mtu, kisha anarudia tena na tena. Hiyo si kazi ya mtu wa miaka 34. Ukimfanya akiba, umeziba nafasi ya kijana ambaye angeifanya.

Unachonunua kwa mkongwe ni zile sekunde kabla mpira haujaanzishwa. Tangu 2008, mlinzi mmoja wa kila timu huvaa helmeti yenye redio, ina nukta ya kijani nyuma. Kocha anamsemesha humo mpaka saa ya kuanzisha mchezo ibaki sekunde 15, kisha sauti inakatwa. Kuanzia hapo anategemea macho yake. Anaangalia mkimbiaji kasimama upande gani wa kwotabeka (yule mrusha pasi wa wapinzani), anawasogeza wale wazito wa mbele nusu hatua, na mpinzani akihama upande anabadilisha nani amkabe nani. Akisoma vizuri, anakuwa ameshaanza kwenda wakati kijana mwenye kasi bado anawaza.

Ila kuna mahali ambapo kusoma mchezo hakutoshi. Tafuta video zake za msimu uliopita, majaribio ya tatu (timu hupewa manne kusogea yadi kumi) yakiwa yamebaki yadi saba au nane. Achana na mpira, tazama kiuno chake. Mkimbiaji anapochomoka pembeni kupokea pasi, lainibeka mwenye miguu hai hugeuza nyonga na kuondoka naye papo hapo. Aliyechoka hukanyaga hatua moja fupi kwanza, ndipo ageuke, na pasi hupita hapohapo. Ukiiona hatua hiyo mara mojamoja, si neno. Ukiiona kila mara, itabidi atolewe wakati wa pasi, na hapo umepoteza nusu ya ulichonunua, maana redio hupewa mlinzi asiyetoka uwanjani.

Usibabaishwe na idadi ya watu aliowaangusha. Lainibeka Bobby Wagner aliongoza ligi nzima mwaka 2023 akiwa Seattle, mara 183, na bado Seattle ilikuwa miongoni mwa timu dhaifu kabisa kuzuia mbio. Kumwangusha mtu akiwa ameshapata yadi sita si sawa na kumzima palepale alipoanzia.

Lakini Wagner huyohuyo ndiye mfano wangu wa usajili uliofanywa vizuri. Mwaka 2024 Washington ilimpa mwaka mmoja, naye msimu ulipoanza alikuwa na miaka 34. Kocha Dan Quinn alishakuwa mkuu wa ulinzi Seattle misimu ya 2013 na 2014, kwa hiyo walijuana. Kando yake wakamleta Frankie Luvu, mdogo kwa miaka sita, wa kukimbiza na kumvamia kwotabeka. Timu iliyokuwa imeshinda mechi 4 ikashinda 12 na kufika fainali ya NFC, nusu moja ya ligi. Sehemu kubwa ya sifa ni ya kwotabeka Jayden Daniels, sikatai, ila ulinzi ulipangwa inavyotakiwa. Timu yako kama haina Luvu wake, impate kwanza.

Pesa isiwatishe. Mwaka 2025 kima cha chini cha mchezaji mwenye misimu saba na zaidi kilikuwa dola 1,255,000, lakini mkataba wa mwaka mmoja wa kima hicho ulihesabiwa dola 1,030,000 tu kwenye kikomo cha mishahara, yaani jumla ambayo timu inaruhusiwa kulipa. Akidai zaidi, nyongeza ilipwe kwa kila mechi anayovaa jezi. Mwaka wa pili wasiuguse. Pesa ya kusaini ikigawanywa miaka miwili, sehemu iliyobaki itakaa kwenye hesabu yao hata akiwa ameshaondoka. Na kwa kuwa aliachwa kabla mkataba wake haujaisha, kumchukua hakuwapunguzii nafasi za fidia kwenye drafti, ule mgawo wa kuchagua vijana wapya.

Timu nyingine husubiri wiki ya kwanza ya ligi ipite, kwa sababu mkongwe aliye kikosini wiki hiyo anaweza kudai mshahara wa msimu mzima hata akikatwa baadaye. Kwa mchezaji wa akiba ni busara. Kwa mtoa amri ni hasara: vijana wanapaswa kuizoea sauti yake kambini tangu Julai. Kwa hiyo daktari ampime magoti na misuli ya nyuma ya paja sasa hivi, na wakiridhika wasaini.

Zitazame hizo video za jaribio la tatu, kisha uniandikie ulichoona kiunoni.

Mama yako akupendaye