Ukienda Asinara usiende Agosti, na usiende kwa ajili ya punda peke yao

Mwambie mtu wa Lamu apande boti aende kisiwani kutazama punda, atakuuliza kama una homa. Kwetu punda ndiye lori, ndiye teksi, na mara nyingine ndiye anayekuamsha kabla ya mwadhini. Hata hivyo kila jamaa anayekuja kunitembelea hapa Sardinia nampeleka Asinara, na kwa kuwa wote huniuliza maswali yale yale, nimeona bora niyaandike mara moja.

Asinara iko kaskazini-magharibi kabisa ya Sardinia, nchini Italia. Ni kisiwa chembamba chenye kilomita za mraba 52 hivi, na pale Cala di Sgombro kimebanwa hata kutoka bahari hii hadi ile hazifiki mita 300. Mwaka 1885 serikali iliwahamisha wachungaji na wavuvi waliokuwa wakiishi humo, ikakifanya karantini na koloni la wafungwa. Waliohamishwa wakaenda kuanzisha mji wa Stintino, ng'ambo ya pili. Waliokwenda Changuu pale Unguja watakumbuka kisa cha namna hiyo, ila gereza la Changuu halikupata wafungwa, na la Asinara liliwapata kwa zaidi ya miaka mia, hadi wakubwa wa mafia, genge la wahalifu la Sisilia, kama Totò Riina. Kwa muda wote huo hakuna tajiri aliyeweza kujenga hoteli ufukweni. Hifadhi ya taifa ilipoanzishwa mwaka 1997, ilikuta ardhi ambayo tayari ilikuwa imeachwa peke yake.

Sasa ushauri wenyewe. Sisi watu wa pwani tumezoea joto na mvua kuandamana: masika yakinyesha, majani yanaota. Bahari ya Mediterania ni kinyume. Mvua hunyesha wakati wa baridi, na kiangazi hupita bila tone. Ukienda Agosti utakuta nyasi kavu, jua la kupasua kichwa na foleni ya watalii gatini. Aprili na Mei ndiyo miezi yangu. Vichaka vya sistasi vimejaa maua meupe na ya waridi, na majani yake yananata mkononi yakiacha harufu ya ubani. Kuna pia mti mfupi wa duara wa jamii ya mnyaa, ule ule tunaopandia ua. Ukivunja kitawi unatoka utomvu mweupe unaowasha vile vile, kwa hiyo mtoto asiuguse. Mti huo hufanya jambo lililonishangaza sana: jua likianza kukaza hugeuka mwekundu, kisha hupukutisha majani yote na kulala kiangazi kizima. Mtu wa Agosti atapita hapo aone fimbo tupu, aseme kisiwa kimekufa.

Jambo la pili ni miguu. Ipo ziara ya gari inayokuzungusha kisiwa kizima kwa siku, na wazee wanaihitaji. Lakini kama magoti yako ni mazima, kodi baiskeli au tembea. Sardinia haina mbwamwitu wala nyoka aina ya kipiribao wala ndugu zake, na huku huhitaji askari mwenye bunduki nyuma yako kama kule kwetu kwenye mbuga. Hiyo ni raha ambayo Mwafrika Mashariki haijui: kukaa juu ya jiwe katikati ya pori, peke yako, na kungoja. Ukitulia, kondoo mwitu wenye pembe zilizojikunja hushuka wenyewe, na kwale hupita mbele yako na vifaranga wao. Nguruwe utawaona pia. Wamechanganya damu ya nguruwe mwitu na ya wale wa kufugwa, na usiwape chakula hata wakikutazama kwa huruma.

Na punda? Haya. Wapo wa kijivu wa kawaida wa Sardinia, na wapo weupe waliokipa kisiwa umaarufu. Ni wadogo, mgongo unafika kiunoni kwa mtu mrefu. Weupe wao ni ualbino: ngozi ya waridi, macho ya buluu hafifu yasiyolipenda jua. Unarithiwa kwa pande zote mbili, ndiyo maana punda wawili wa kijivu wanaweza kuzaa mtoto mweupe. Wageni huwatafuta saa sita mchana wakiwa wazi mbugani, kumbe saa hiyo wamejibanza kwenye vivuli vya majengo ya gereza, vichwa chini, macho nusu yamefumbwa. Watafute asubuhi au alasiri. Usiwamulike kwa taa ya kamera, wala usiwalazimishe kutoka kivulini ili upate picha. Nimemwona mtu mzima akifanya hivyo, na nilimwambia.

Ufukweni utakuta marundo ya majani makavu ya kahawia, mengine yanafika magotini. Jamaa zangu hulalamika kwamba pwani ni chafu. Si uchafu, wala si mwani. Ni posidonia, nyasi bahari yenye maua na mizizi, na aina hii huota Mediterania tu. Majani yakisukumwa nchi kavu yanavunja nguvu ya mawimbi ya majira ya baridi ili mchanga usichukuliwe. Tandika mkeka wako pembeni, vaa miwani ya kuogelea, uone yenyewe ikiwa hai chini ya maji. Pale Fornelli, kusini mwa kisiwa, kuna kituo cha kuwatibu kasa, wengi wao duvi walionaswa na nyavu au kumeza plastiki. Ghuba ya Sant'Andrea ni marufuku kabisa kuingia, usibembeleze. Na chupa ya mchanga wa kumbukumbu sahau, kwa kuwa sheria ya mkoa wa Sardinia inatoza faini ya euro 500 hadi 3,000.

Ukipata nafasi, uliza habari za Waethiopia. Mwaka 1937, baada ya jaribio la kumuua Graziani, Mwitalia aliyekuwa akiitawala Ethiopia, jijini Addis Ababa, Italia iliwahamisha mamia ya watu wenye vyeo, na baadhi yao waliletwa hapa, akiwemo Romanework, binti wa Haile Selassie. Si kila kiongozi wa ziara atalitaja hilo asipoulizwa.

Boti ya Stintino hushusha Fornelli, upande wa kusini, na safari yake ni fupi. Ya Porto Torres hushusha Cala Reale, katikati ya kisiwa, nayo huchukua muda zaidi. Beba maji na chakula cha kutosha, maana ukitoka penye gati unaweza kutembea saa nyingi bila kuona duka. Kabla ya kukata tiketi tazama upepo, si jua. Maestrale ukivuma kutoka kaskazini-magharibi boti hazitoki, hata anga iwe buluu tupu, na unaweza kuvuma siku kadhaa. Kwa hiyo Asinara iwe mwanzoni mwa likizo yako, na usiiweke kabisa siku moja kabla ya ndege.